Siku Utakapoletewa Karatasi Utie Saini

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa klabu za haki za binadamu za vyuo vya hapa mjini. Wanachama wengi walikuwa fildi na hawakuweza kufika, na baadhi yao wameniomba niiweke yote kama ilivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu walezi wa klabu zetu, wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi mliouacha mchana wa Jumamosi mkaja kukaa kwenye joto hili: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, hamjambo?

Ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumze juu ya mwanafunzi wa chuo na haki za binadamu. Juzi mmeadhimisha Desemba 10, siku lilipopitishwa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu mwaka 1948. Mmelisoma, mmelibandika kwenye mbao za matangazo, na wengine mmelitungia ngonjera nzuri sana. Kwa hiyo sitalirudia. Nataka tuzungumze juu ya kitu kilicho karibu zaidi nanyi, nacho ni kazi mnayosomea.

Wanaosomea uuguzi na utabibu wako wapi? Nyosheni mikono. Ualimu? Sheria? Kompyuta? Uhasibu? Ardhi na upimaji? Haya, shusheni.

Haki ya mtu inapovunjwa huwa tunamtafuta mwenye cheo na mwenye bunduki. Ni sawa, tuwatafute. Lakini mimi nimekuwa wakili kwa miaka mingi, nimefungua mafaili mengi ya watu walioonewa, na ninawaambia nilichokikuta humo: karibu kila faili lina karatasi, karatasi ina saini, na mwenye saini ni msomi. Kuna aliyeandika "hali yake ni nzuri" wakati mtu ameumia. Kuna aliyeandika "amekubali kwa hiari" wakati mtu hakuulizwa. Kuna aliyeandika "eneo halina wakazi" wakati watu wamelima pale tangu babu zao. Ni akina nani hao? Ni wahitimu. Walikaa kwenye viti kama hivi, wakavaa majoho, mama zao wakawapigia vigelegele.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Siku moja, kila mmoja wenu ataletewa karatasi atie saini. Utafanya nini?

Mniruhusu niwapeleke Afrika Kusini, kwa sababu huko kuna mkasa ambao kila mwanafunzi wa Afrika anapaswa kuujua kwa undani kuliko tunavyoujua.

Mwaka 1966 kijana mmoja wa King William's Town aliingia kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Natal, katika sehemu iliyotengwa kwa wanafunzi wasio Wazungu. Jina lake Steve Biko. Akiwa bado mwanafunzi, yeye na wenzake walianzisha umoja wa wanafunzi weusi, SASO, na mwaka 1969 akawa rais wake wa kwanza. Udaktari hakuumaliza. Lakini zahanati alisaidia kuianzisha, ile ya Zanempilo, iliyowahudumia watu wa vijijini ambao serikali ya makaburu haikuwa na haja nao. Wengi wetu tunamjua Biko kwa maneno yake makali. Mjueni pia kwa zahanati.

Tarehe 18 Agosti 1977 polisi walimkamata kwenye kizuizi cha barabarani. Wakamweka rumande Port Elizabeth, uchi, amefungwa minyororo. Mwanzoni mwa Septemba, ndani ya chumba cha mahojiano, aliumizwa kichwani hadi ubongo ukaathirika. Hayo ya polisi mmeshayasikia. Sasa sikilizeni ya madaktari.

Septemba 7 aliitwa daktari wa serikali, Ivor Lang. Akamkuta mtu ambaye mdomo umechanika, miguu imevimba, akisimama anayumba, akisema maneno hayatoki. Mkuu wa polisi akaomba cheti. Daktari akaandika kwamba hakuona dalili yoyote ya ugonjwa wala jambo lisilo la kawaida. Akatia saini.

Kesho yake akaja mkuu wake wa kazi, Benjamin Tucker. Baadaye maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa yalipopimwa, yakakutwa na damu. Ninyi wa utabibu mnajua damu pale inaashiria nini: huenda ubongo umeumia. Septemba 11 polisi walitaka kumhamishia Pretoria, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Daktari akakubali. Biko akalazwa uchi nyuma ya Land Rover, bila gari la wagonjwa, bila cheti cha matibabu cha kumtangulia. Septemba 12 akafa. Alikuwa na miaka 30.

Je, wale madaktari walimpiga? Hapana. Hawakuinua hata kidole. Walichoinua ni kalamu. Na mtu aliyekuwa amelala pale sakafuni angeweza kuwa daktari mwenzao, maana naye aliwahi kusomea udaktari kama wao!

Baraza la madaktari la nchi ile lilipoletewa malalamiko, mwaka 1980 likasema halioni kosa. Ikabidi madaktari wachache, akiwemo mama mmoja bingwa wa mishipa ya fahamu, Frances Ames, walipeleke baraza lao wenyewe mahakamani. Kesi ikaenda hadi mwaka 1985, mahakama ikaliamuru baraza lilitazame upya suala lile. Tucker akafutwa kwenye rejista, Lang akapewa karipio. Miaka kadhaa baadaye Tucker alikiri kwamba kwa muda mrefu alikuwa amejisogeza karibu mno na vyombo vya dola, hasa polisi, hadi akashindwa kusimama upande wa mgonjwa wake. Naomba mlishike hilo. Hakuamka siku moja akawa mtu mbaya. Alisogea. Leo hatua moja, kesho hatua moja. Chai na mkuu wa kituo, fadhila ndogo, cheti kidogo, na siku mgonjwa wa kweli alipoletwa, daktari alikuwa ameshahamia upande wa pili wa meza.

Lakini mkasa hauishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niuchague.

Mwaka ule ule wa 1985, mji ule ule wa Port Elizabeth, ofisi ile ile ya madaktari wa serikali, aliajiriwa daktari mpya. Msichana wa miaka ishirini na kitu, ametoka chuo juzi tu. Jina lake Wendy Orr. Na bosi wake alikuwa nani? Alikuwa Ivor Lang. Yule yule!

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, magereza yamefurika vijana. Kazi ya Wendy Orr ilikuwa kuwapima mahabusu wapya. Akaanza kuona mistari ya viboko migongoni, masikio yaliyopasuka ngoma, na mtu baada ya mtu akisema alipigwa na polisi. Alipouliza wakubwa, hakupata msaada. Sasa fikiria ungekuwa wewe. Umetoka chuo, una mkopo wa elimu, wazazi wanasubiri uwatumie hela. Aliyekutangulia kwenye kiti hicho aliandika "sikuona kitu" na bado anakuja kazini kila siku, tena ndiye anayekuandikia tathmini. Ungeandika nini?

Yeye aliandika alichokiona. Nani, lini, jeraha liko wapi, lina urefu gani, mwenyewe anasema lilitokana na nini. Mtu wa kwanza, wa pili, wa kumi, wa hamsini. Hakuhutubia popote. Na Septemba 1985 akayachukua maandishi yale, akala kiapo, akaungana na familia za mahabusu, wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikatoa amri ya kuwazuia polisi kuwapiga mahabusu. Alikuwa daktari wa kwanza aliyekuwa bado mwajiriwa wa serikali ile kuyatoa mambo hayo hadharani kwa namna hiyo. Wakamwondoa kwenye kazi ya kuwaona mahabusu, maisha ya ofisini yakawa magumu, akaondoka. Miaka kumi baadaye nchi ilipokuwa huru aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa Tume ya Ukweli na Maridhiano.

Ofisi moja. Mji mmoja. Kazi moja. Kalamu ya aina moja. Mmoja aliandika uongo wa mstari mmoja, mwingine akaandika ukweli mamia ya mara. Najua mtasema Wendy Orr alikuwa jasiri. Ni kweli. Lakini mimi ninayeishi kwa ushahidi nawaambia, ujasiri bila rekodi usingemzuia polisi hata mmoja. Kilichoifanya mahakama imsikilize ni kwamba alifanya vizuri kazi ndogo aliyofundishwa chuoni: kuandika maelezo ya mgonjwa kwa ukamilifu. Wangapi kati yenu mnaandika maelezo hayo kwa kunakili ya mwenzako wa zamu iliyopita? Msinijibu. Jijibuni wenyewe.

Na msiniambie hayo ni ya makaburu. Turudi nyumbani.

Katika nchi yetu, Tanzania, kwa miaka mingi, msichana aliyepata mimba shuleni alifukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikaingizwa humo. Mwaka 2017 msimamo huo ukatiliwa mkazo hadharani na kiongozi mkuu wa nchi. Tarehe 24 Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba mabinti waliojifungua wanaweza kurudi shule ya kawaida. Na mwaka 2022, Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ikasema kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza ni kuvunja haki zao.

Kwa lazima. Nani aliyewapima? Sera haina mikono. Rais hashiki chupa ya mkojo. Aliyepima alikuwa mwuguzi. Aliyewapanga mstari alikuwa mwalimu. Aliyeandika barua ya kufukuza alikuwa mwalimu mkuu. Watu wetu hao, na walio wengi wao ni watu wema.

Katika kazi ya msaada wa kisheria nilikutana na mama mmoja mwuguzi, sasa amestaafu. Alinieleza alivyokuwa anapelekwa shuleni na boksi la vipimo. Mabinti wanapangwa mstari nje ya choo, kila mmoja na kikopo chake. Siku moja binti mmoja akamwuliza kama anaweza kukataa. Mama yule akamwambia apange mstari kama wenzake. Aliponisimulia hayo alikuwa analia, na jambo lililomliza ni hili: chuoni alifundishwa kwamba mgonjwa hupimwa kwa ridhaa yake, swali lilikuja kwenye mtihani, akalijibu, akapata alama zote. Pale shuleni, binti alipomwuliza swali lile lile la mtihani, hakulitambua.

Wanangu, mmesikia? Hakulitambua! Somo alilifaulu. Lakini lilikuwa limekaa kwenye daftari, halijashuka mikononi. Ndiyo maana nawaomba walimu wa somo la maadili ya taaluma waliomo humu, na ninawaomba kwa heshima zote: msiwape vijana tafsiri ya ridhaa wakariri. Wawekeni wawili wawili, mmoja awe bosi anayeamrisha, mmoja awe mwuguzi mgeni, na yule mgeni afanye zoezi la kusema, kwa adabu, "Shikamoo Afande, hapa siwezi kusaini, kwa sababu hii na hii." Mdomo ambao haujawahi kulitamka neno hilo chuoni hautalitamka kwa mara ya kwanza mbele ya mkuu wa wilaya.

Wa kompyuta mnacheka mkidhani mmepona. Mnaijua mikopo ya kausha damu ya kwenye simu? Mtu anakopa elfu hamsini, akichelewa siku mbili, ujumbe unatumwa kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi wake: huyu ni mwizi, mwambieni alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Sasa niambieni, majina ya watu kwenye simu yalichotwaje? Kuna kijana aliyeandika msimbo wa kuyachota. Alilipwa kwa kazi hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022, na nina hakika wengi wenu mtamaliza shahada bila kuifungua. Ifungueni.

Sasa nije ndani ya uzio wa chuo, kwa sababu siwezi kuwaambia msubiri ajira ndipo mkutane na jambo hili. Mnakutana nalo muhula huu.

Rushwa ya ngono. Naona ukumbi umenyamaza. Alikuja ofisini kwetu binti wa mwaka wa tatu, chuo sikitaji. Mwalimu alikuwa amemshikia alama za somo moja, na masharti aliyompa mnayajua. Binti alikataa. Akafelishwa, akarudia, akafelishwa tena. Tukamwuliza, una ushahidi? Alikuwa amefuta ujumbe wote kwenye simu kwa sababu ya aibu. Tukamwuliza, una shahidi? Akataja wenzake wanne waliojua, wawili kati yao walipitia yale yale. Tuliwatafuta. Mmoja alikuwa kiongozi wa klabu kama hizi zenu. Hakuna aliyekubali kuandika maelezo. Mmoja hakupokea simu kabisa. Jambo likafia pale, na yule mwalimu, kwa tulivyosikia, aliendelea kufundisha.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema wazi kwamba mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu haki au upendeleo anatenda kosa la jinai. Kifungu kipo. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapo, piga 113 bure. Dawati la Jinsia la polisi lipo. Kinachokosekana ni karatasi yenye jina la shahidi chini yake. Mnaona ilivyo? Kuna saini inayoua mtu, na kuna saini inayokosekana ikamwacha mtu afe.

Kaka zangu na wanangu wa kiume, hili msimwachie dada. Wewe uliyekaa naye dawati moja, uliyeona alivyoitwa ofisini saa kumi na mbili jioni, wewe ni shahidi. Andika tarehe. Andika saa. Mwambie dada yako asifute ujumbe, apige picha ya skrini, amtumie mtu anayemwamini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na chuo kinachoficha maradhi haya kinatoa wahitimu waliokwisha kujifunza kwamba mwenye cheo hasemwi. Hao ndio watakaowapanga mabinti mstari kesho.

Kuna swali jingine ambalo lazima mjiulize kila mnapokaa kikao cha klabu: haki tunayoidai ni ya nani?

Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Serikali ilitaka wahitimu wapitie Jeshi la Kujenga Taifa na kwa kipindi fulani wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wakaja na tamko lao la maandishi, na bango moja likasema wakati wa ukoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na hapo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye likaja Azimio la Arusha.

Machi 1978 wakaandamana tena wanafunzi wa chuo hicho hicho. Safari hii wabunge na mawaziri walikuwa wameongezewa mishahara na marupurupu, na vijana wakauliza: Azimio limekwenda wapi? Walizuiwa na polisi, na mamia wakafukuzwa chuo.

Nimewahi kuwasikia watu wakiyataja maandamano haya mawili kwa pumzi moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi nayatenganisha. Sisemi wa 1966 hawakuwa na haki ya kusema. Walikuwa nayo, na kufukuza mamia ya vijana kwa sababu wamesema ni adhabu nzito mno, iwe 1966 au 1978. Lakini wa kwanza walikwenda Ikulu kutetea mfuko wao, wakati mkulima aliyewalipia masomo hakuwa na mshahara wa kukatwa hata asilimia moja. Wa pili walikwenda kwa ajili ya mkulima huyo. Leo mnapogoma kwa ajili ya boom, ile fedha yenu ya kujikimu, iliyochelewa, na ni haki yenu, maana njaa haina subira, jiulizeni: mpishi wa kantini amelipwa? Mlinzi wa getini ana mkataba? Dada anayefua mashuka ya hosteli anapata likizo ya uzazi? Klabu ya haki za binadamu isiyojua jina la mlinzi wa getini inatetea binadamu yupi?

Nakaribia mwisho, mwenyekiti, naona unatazama saa.

Nataka niseme na wa sheria, lakini wengine msitoke. Haki za msingi ziliingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Miaka miwili tu baadaye, pale Mwanza, Jaji James Mwalusanya akaamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi kwa baba yake, akaiuza, na ukoo ukasema mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema Katiba haiujui ubaguzi huo. Hukumu hiyo ya mwaka 1990 inasomwa hadi leo, na si Tanzania peke yake.

Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, aliyesoma sheria pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliifungua Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 13 na cha 17. Mvulana anaoa akiwa na miaka 18. Msichana anaolewa akiwa na 15 wazazi wakiridhia, na mahakama ikiruhusu, hata 14. Vifungu hivyo vilikuwa hapo miaka 45. Mawakili wangapi walivisoma? Walimu wangapi wa sheria walivifundisha, wakatungia maswali, wakasahihisha? Wote sisi! Yeye akaviweka kando ya Ibara ya 12 na ya 13 ya Katiba, zinazosema watu wote ni sawa, akaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikakubali, ikaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ile. Na baada ya hapo mjadala wa kuibadilisha sheria yenyewe ukaendelea mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka mabinti wengine wakaolewa.

Nasema hivyo ili msidanganyike. Kushinda kesi ni hatua, na njia ni ndefu. Tena mlango ulibanwa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape namna yeye binafsi alivyoathirika. Mwanaharakati wa mjini hakuweza tena kusimama peke yake kwa niaba ya binti wa kijijini. Mimi sikuyapenda mabadiliko hayo, na nimesema hivyo kila nilipoulizwa. Lakini yalituwekea kazi mbele yetu: lazima tumfikie huyo binti mwenyewe, tukae naye, tumsikilize, tumwandikie maelezo yake kwa maneno yake, tumsindikize. Nani atafanya hivyo? Mawakili hatutoshi, na tumejazana Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Walimu na wanafunzi wa Kitivo cha Sheria pale Mlimani walianza kutoa msaada wa kisheria bure tangu miaka ya 1960. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na si lazima uwe wakili kuwa mmoja wao. Mwalimu anaweza kuwa. Mwuguzi anaweza kuwa. Na mwalimu na mwuguzi wako kila kata, wakati wakili hayuko hata kila wilaya.

Kwa hiyo nimekuja na ombi. Kuanzia Januari, ofisi yetu itafundisha wanachama wa klabu zenu kazi moja tu: kuandika maelezo ya mtu. Namna ya kuuliza bila kumwekea mtu maneno mdomoni, namna ya kuandika tarehe na mahali, namna ya kuchora jeraha kwenye mchoro wa mwili, namna ya kumsomea alichosema ili akubali au akatae kabla hajatia dole gumba, na namna ya kutunza karatasi hiyo isisomwe na asiyehusika. Ni kila Jumamosi asubuhi, hakuna ada wala posho, na hatutatoa cheti. Wa uuguzi watakaa na wa sheria, wa ualimu na wa kompyuta, kwa makusudi, kwa sababu yule binti wa kijijini matatizo yake hayakugawanywa kwa vitivo.

Fomu ziko kwa makatibu wa klabu, na kwa mlioko fildi mtaandikishwa mkirudi. Kipaza sauti kiko pale katikati. Naomba maswali, na yaliyo magumu yatangulie.